Baridi yabisi: tafiti zinaonyesha kuwa viungo huokolewa na kuwahi, kupimwa na kufuatiliwa

Mwanzisha uzi (mfamasia, Tanga)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nimefanya kazi ya ufamasia kwa miaka kumi na moja, na uzi huu naufungua kwa sababu ya mikono ya mama yangu mdogo. Kwa miaka minne alinunua dukani diklofenaki ya kutuliza maumivu, na maumivu yalipomzidi alichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe haraka, katika zahanati moja ya mtaani, akarudi nyumbani na nafuu ya wiki mbili tatu, kisha mambo yakaanza upya. Kila alipouliza anaumwa nini aliambiwa ni baridi, aache kushika maji ya alfajiri na alale na soksi. Alipofikishwa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, vidole vilikuwa vimeshapinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na picha ya eksirei ilionyesha mifupa iliyolika kingo zake. Mfupa uliolika kwa namna hiyo haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Kinachoniuma ni kwamba methotreksati, dawa ambayo ingeweza kumzuia asifike hapo, ilikuwapo miaka yote hiyo, tena kwa bei ambayo familia yetu ingeimudu, na namna ya kuitumia imeshafanyiwa utafiti mara nyingi.

Nianze na jina. Waliotuachia neno baridi yabisi walimtazama mgonjwa vizuri, kwa sababu yabisi ni ukavu na ugumu, na mgonjwa wa ugonjwa huu huamka asubuhi viungo vikiwa vimekakamaa, ikampasa angoje saa nzima au zaidi ndipo aweze kufunga vifungo vya nguo. Neno baridi ndilo linalotupoteza, maana humfanya mtu aamini kwamba chanzo ni hali ya hewa na kwamba tiba ni joto. Tena jina hilohilo tunalibebesha magonjwa yaliyo mbalimbali: jongo, linalotokana na asidi ya yuriki, kulika kwa gegedu za magoti kunakoletwa na umri na kazi nzito, na homa ya baridi yabisi, inayompata mtoto baada ya maambukizi ya koo na kuweza kuharibu vali za moyo. Ninaouzungumzia hapa ni ule ambao hospitalini huitwa rumatoidi athraitisi, ambamo kinga ya mwili huugeukia utando wa ndani wa viungo na kuushambulia, mpaka utando ule unavimba, unanenepa na kuanza kuula mfupa ulio jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takribani asilimia 70 yao ni wanawake. Haumngoji mtu azeeke. Huwapata wengi wakiwa bado wanalea watoto na kutafuta riziki.

Utafiti ambao ningependa kila mhudumu wa afya aujue ulifanyika Glasgow, Uskoti, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Lancet kwa jina la TICORA. Wagonjwa 111 ambao ugonjwa wao haukuwa umezidi miaka mitano waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, yaani kuonwa kila baada ya miezi mitatu na daktari kuamua kadiri anavyoona. Kundi la pili lilionwa kila mwezi, na katika kila ziara viungo vilihesabiwa, alama ya ukali wa ugonjwa ikapatikana, na alama ikiwa juu ya kiwango kilichowekwa, dawa iliongezwa au kubadilishwa siku ileile bila kungoja. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umetulia kabisa kwa asilimia 65 ya waliofuatiliwa kila mwezi, na kwa asilimia 16 tu ya wale wa huduma ya kawaida.

Naomba msomaji atulie kidogo hapo. Makundi yote mawili yalitumia dawa zilezile za kawaida, methotreksati, sulfasalazini na wenzake, wala hapakuwa na sindano ya gharama kubwa iliyotengenezwa kwa teknolojia mpya. Tofauti ya asilimia 65 na asilimia 16 ilitokana na kuhesabu viungo, kuweka lengo, na kukataa kuridhika na maneno “naona afadhali kidogo” wakati viungo sita bado vimevimba. Tangu hapo wataalamu wa Ulaya na Marekani wameujenga mwongozo wao wa tiba juu ya wazo hilo la kutibu kwa kulenga shabaha.

Swali lililofuata lilikuwa hili: methotreksati peke yake ikishindwa, je, ni lazima mgonjwa ahamie kwenye sindano za bei ya juu? Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uitwao RACAT, wenye wagonjwa 353 ambao methotreksati haikuwatosha. Nusu yao waliongezewa sulfasalazini na haidroksiklorokwini, zikawa dawa tatu za vidonge. Nusu nyingine waliongezewa sindano ya etanasepti. Ambaye hakupata nafuu baada ya wiki 24 alihamishiwa upande wa pili, na waliohamishwa walikuwa asilimia 27 katika kila upande. Mwishoni mwa wiki 48, vidonge vitatu havikuzidiwa na sindano. Dawa zote hizo tatu za vidonge zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sitaki kuficha utafiti unaovuta upande wa pili. Ule wa nchi za Nordiki, yaani za Ulaya ya Kaskazini, na Uholanzi uitwao NORD-STAR, uliowahusisha wagonjwa wapya wapatao 800, ulilinganisha tiba ya kawaida iliyotolewa kwa nguvu tangu mwanzo na sindano tatu tofauti, kila moja pamoja na methotreksati. Baada ya wiki 48, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 39.2 ya waliokuwa kwenye tiba ya kawaida, na kwa asilimia 59.3 ya waliotumia abatasepti, mojawapo ya sindano hizo tatu. Pengo hilo ni la kweli na wagonjwa wetu wanastahili kulijua. Hata hivyo, mtu anayetibiwa leo kwa diklofenaki peke yake yuko mbali sana hata na ile asilimia 39, na hapo ndipo hasara yetu kubwa ilipo.

Mwisho kwa leo, naomba nionye jambo moja la kazi yangu. Methotreksati kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Nimeshapokea mikononi mwangu karatasi ya dawa iliyoandikwa “1x1” na mtu aliyezoea kuandika hivyo kila dawa, na mgonjwa angeifuata angeweza kufa, kwa kuwa ikimezwa kila siku hukausha uboho unaotengeneza damu na kuchubua mdomo na utumbo. Chagueni siku, kwa mfano Ijumaa, muiandike kwenye pakiti kwa kalamu isiyofutika. Asidi ya foliki nayo humezwa siku nyingine ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Na yeyote aliye kwenye methotreksati asipewe kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuzishusha chembe za damu kwa kasi. Katika nchi ambamo kotrimoksazoli hutolewa kwa kikohozi, kwa kuhara na kwa homa yoyote isiyojulikana, mgonjwa mwenyewe lazima awe mlinzi wa jambo hilo.

Mchangiaji wa pili (mgonjwa, Mombasa)

Dadangu mfamasia, ahsante kwa maelezo haya. Mimi nina mwaka wa sita na ugonjwa huu. Natumia methotreksati, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimeza prednisoloni, kidonge cha steroidi, miligramu 5 kila asubuhi. Daktari mmoja aliniambia ni sumu, niiache; mwingine akasema kiwango hicho ni kidogo, hakina neno. Nikijaribu kuacha, siku ya tatu siwezi kushika kikombe. Utafiti unasema nini? Na la pili, mwaka jana nilijisikia vizuri sana kwa miezi minane, nikapunguza methotreksati nusu kwa hiari yangu, na ugonjwa ukaniamkia upya. Je, ni mimi niliyekosea au ungerudi tu?

Mwanzisha uzi

Pole sana, dada. Madaktari wako wawili kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli.

Utafiti wa GLORIA, uliochapishwa mwaka 2022, uliwachukua wagonjwa 451 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, nusu wakapewa prednisoloni miligramu 5 kwa siku na nusu kidonge kisicho na dawa ndani yake, kwa miaka miwili. Waliopewa prednisoloni walikuwa na maumivu na uvimbe mdogo zaidi, na viungo vyao viliharibika kidogo zaidi. Lakini asilimia 60 yao walipata angalau dhara moja kati ya yale yaliyokuwa yakifuatiliwa, wakati kwa wenzao ilikuwa asilimia 49, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa ni maambukizi, mengi yake yasiyo makali. Kwa hiyo ina faida na ina gharama, na mtu mzima ana haki ya kuvipima vyote viwili akiwa na daktari wake. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unataka steroidi itumike kama daraja la muda mfupi wakati dawa kuu inaanza kufanya kazi, kisha ipunguzwe na kuachwa mapema iwezekanavyo.

Kuhusu kuacha, upo utafiti wa SEMIRA wa mwaka 2020. Wagonjwa 259 waliokuwa wametulia kwa sindano ya tosilizumabu na prednisoni, steroidi iliyo ndugu ya prednisoloni, waligawanywa kwa kura: wengine wakaendelea na miligramu 5, wengine wakapunguziwa polepole kwa majuma mengi hadi wakafika sifuri. Asilimia 77 ya walioendelea walibaki salama, na asilimia 65 ya waliopunguziwa. Maana yake ni kwamba karibu theluthi mbili ya wagonjwa waliotulia waliweza kuiacha. Zingatia maneno mawili hapo: walikuwa wametulia, na walipunguziwa polepole. Kuikata kwa siku tatu baada ya miaka mitatu ni hatari, kwa sababu tezi zinazotengeneza steroidi ya asili mwilini zimeshazoea kupumzika na hazitaamka kwa siku moja. Kama ukipunguza kidogo tu unashindwa kushika kikombe, mimi ningeuliza kwanza kama methotreksati unayotumia inatosha, kwa sababu inawezekana prednisoloni inaficha ugonjwa ambao haujadhibitiwa.

Kuhusu kujipunguzia, usijilaumu. Wengi hufanya hivyo wakijisikia wamepona. Watafiti wa Norwei walilijaribu jambo lilelile katika utafiti wa ARCTIC REWIND, uliochapishwa mwaka 2021. Walichukua wagonjwa 160 waliokuwa wametulia kwa mwaka mzima kwa dawa za vidonge, nusu yao wakaendelea na dozi kamili na nusu wakapunguziwa hadi nusu ya dozi. Katika mwaka uliofuata ugonjwa uliamka kwa asilimia 6 ya wa dozi kamili na kwa asilimia 25 ya wa nusu dozi. Kwa hiyo wengi wa waliopunguziwa hawakupatwa na kitu, ila uwezekano ulipanda karibu mara nne, na wao walikuwa chini ya macho ya daktari.

Mchangiaji wa tatu (daktari, Dodoma)

Ndugu mfamasia, nimefurahi kuona mada hii ikijadiliwa kwa takwimu. Nina pingamizi, nalo nalitoa kwa heshima. Karibu tafiti zote ulizozitaja zimefanyika Ulaya na Marekani. Mgonjwa wa TICORA alipanda basi nusu saa akafika kliniki. Mgonjwa wangu anatoka kijiji ambacho nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa za mwezi, na akifika, mashine ya vipimo vya damu imeharibika. Madaktari bingwa wa fani hii katika Afrika Mashariki ni wachache mno, na karibu wote wako katika miji mikubwa. Ukimwambia mgonjwa kwamba asipoonwa kila mwezi hatapona, unaweza kumkatisha tamaa.

Niongeze pia kwamba hata idadi ya wagonjwa wetu kwa muda mrefu hatukuijua. Wenzetu wa Moshi, katika hospitali ya KCMC na chuo chake, wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow kufanya utafiti katika kaya za wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ili kujua ni watu wangapi wanaishi na magonjwa ya viungo, yanawagharimu nini, na wanatafuta tiba wapi. Huo ndio utafiti tunaouhitaji zaidi, wa kumfuata mgonjwa nyumbani, kwa sababu anayefika kliniki yangu ni yule aliyeweza kulipa nauli.

Mwanzisha uzi

Daktari, pingamizi lako nalipokea, na la nauli nimeliona kwa mama yangu mdogo mwenyewe. Lakini nadhani sehemu ya TICORA inayobebeka hadi kijijini ni kubwa kuliko tunavyofikiri, kwa sababu kiini chake ni kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji mashine.

Wewe unaijua alama ya CDAI, ila niieleze kwa faida ya wengine. Mhudumu hubonyeza viungo 28, navyo ni mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo vya vidole vya mikono na magoti, akahesabu vinavyouma na vilivyovimba. Kisha mgonjwa hutaja kwa namba, kuanzia 0 hadi 10, jinsi anavyojiona, na mhudumu naye hutoa namba yake. Hesabu zote nne zinajumlishwa. Jumla ikiwa 2.8 au chini yake, ugonjwa umetulia. Hadi 10 ni ukali mdogo. Hadi 22 ni wa kati. Ikipita hapo ni mkali. Hakuna damu inayotolewa wala umeme unaohitajika. Kasoro yake ni kwamba miguu haihesabiwi, ilhali kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanzia kwenye vidole vya miguu, kwa hiyo mhudumu asisahau kumvua mgonjwa viatu.

Jambo ninaloliota ni kwamba daktari bingwa amwone mgonjwa mara mbili au tatu kwa mwaka, na katikati yake tabibu au muuguzi wa kituo cha karibu ahesabu viungo, aandike namba kwenye daftari la mgonjwa, na namba ikipanda ampigie simu daktari ili dozi iongezwe. Vipimo vya damu kwa ajili ya usalama wa methotreksati, yaani picha kamili ya damu, ini na figo, vinaweza kufanyika katika hospitali nyingi za wilaya. Tumeshafanya kazi ya namna hii kwa wagonjwa wa kisukari na wa VVU, katika nchi hizihizi zenye barabara hizihizi.

Mchangiaji wa tatu (daktari, Dodoma)

La kubonyeza viungo 28 kituoni nakubaliana nalo, mradi matabibu wafundishwe kutofautisha uvimbe wa utando, ambao ni laini kama zabibu chini ya kidole, na uvimbe mgumu wa mfupa wa mzee aliyefanya kazi za sulubu. Mafunzo ya siku chache yanatosha kwa hilo. Nitalipeleka katika kikao chetu cha mkoa.

Mchangiaji wa nne (Muscat)

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni Mzanzibari, naishi Oman. Huku daktari ametaka kunianzishia sindano, maana vidonge vitatu havikunitosha. Amenambia kwanza nipimwe kifua kikuu, ingawa sikohoi wala sikupata kuugua kifua. Ndugu zangu wa nyumbani wanasema ananitisha bure. Tena ametaja kidonge kipya kiitwacho tofasitinibu, akasema kwa umri wangu wa miaka 58 na presha niliyonayo hapendi kunipa. Naomba mnifahamishe.

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam. Daktari wako anafanya kazi yake vizuri, na ndugu zako wa nyumbani ningewaomba wamwunge mkono.

Watu wengi waliokulia katika nchi zetu wamewahi kuvuta kijidudu cha kifua kikuu, na kinga ya mwili ikakifungia mahali bila wao kuugua. Sindano zinazozuia protini iitwayo TNF huulegeza ulinzi huo. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walikusanya taarifa za wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kuanza infliksimabu, ambayo ni dawa ya kundi hilo. Wengi waliugua ndani ya miezi michache tu, na zaidi ya nusu walipata kifua kikuu cha nje ya mapafu, ambacho hakileti kikohozi na huchelewa kugunduliwa. Tena karibu wote walitoka katika nchi ambazo kifua kikuu ni haba, sembuse mtu aliyekulia kwetu. Kipimo cha ngozi au cha damu, na picha ya kifua, huonyesha kama unacho kilicholala. Kikiwapo, unapewa dawa ya kinga kwanza, na sindano inafuata.

Kuhusu tofasitinibu, mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ORAL Surveillance wenye wagonjwa 4,362, wote wa miaka 50 na zaidi na wenye angalau jambo moja linalouhatarisha moyo, kama presha au uvutaji wa sigara. Katika miaka takribani minne, matukio makubwa ya moyo na mishipa, yakiwamo mshtuko wa moyo na kiharusi, yaliwapata asilimia 3.4 ya waliomeza tofasitinibu na asilimia 2.5 ya waliochomwa sindano za kuzuia TNF. Saratani zilikuwa asilimia 4.2 na asilimia 2.9. Tofauti si kubwa kwa mtu mmoja mmoja, na kwa kijana asiye na presha hesabu inaweza kuwa nyingine, lakini wewe kwa umri na presha yako ni mtu yuleyule aliyechunguzwa mle.

Mchangiaji wa tano (Nairobi)

Dada, mimi nina miaka 31, nimeolewa mwaka jana, natumia methotreksati na sulfasalazini. Tunataka mtoto. Naona aibu kuuliza kliniki kwa sababu foleni ni ndefu na mlango huwa wazi.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, usione aibu, na usishike mimba kabla hujazungumza na daktari. Methotreksati huharibu mimba na viungo vya mtoto, hivyo huachwa kabla, na ni daktari atakayekuambia ni miezi mingapi kabla. Sulfasalazini, pamoja na asidi ya foliki, na haidroksiklorokwini zinaweza kuendelea wakati wa ujauzito. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kuacha dawa zote si usalama, kwa kuwa ugonjwa ulioachwa uwake nao unamdhuru mama na mtoto. Unapoingia, mwombe daktari afunge mlango. Ana wajibu wa kuufunga.

Mchangiaji wa sita (mtaalamu wa fiziotherapia, Arusha)

Naomba niongeze jambo ambalo huachwa nyuma kila tiba inapojadiliwa kwa majina ya dawa. Wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu wameambiwa wapumzishe mikono, na familia kwa upendo zimewanyang'anya kila kazi, hadi misuli imesinyaa. Utafiti wa SARAH, uliochapishwa mwaka 2015 katika Lancet, uliwahusisha wagonjwa 490 nchini Uingereza ambao tayari walikuwa kwenye dawa. Nusu yao walifundishwa mazoezi ya mikono, saba ya kunyoosha na kukunja viungo na manne ya kuongeza nguvu, wakawa wanayafanya nyumbani kila siku. Baada ya mwaka, alama ya uwezo wa mkono ilipanda kwa 7.9 kwa waliofanya mazoezi na kwa 3.6 kwa wenzao, wala mazoezi hayakuwaongezea maumivu.

Mimi huwafundisha kwa vitu vya nyumbani. Donge la unga wa ngano uliokandwa ni zana nzuri ya kubinya. Taulo lenye maji ya uvuguvugu la kukamua ni zana nyingine. Kutambaza vidole juu ya meza kama mtu apigaye kinanda hufungua vifundo asubuhi. Kiungo kilichovimba na chenye joto kipumzishwe siku hizo, kisha mazoezi yarejee taratibu. Mama mdogo wa mwanzisha uzi, hata kama vidole vimepinda, bado anaweza kurudishiwa nguvu ya kushika.

Mwanzisha uzi

Hilo la unga nitaanza nalo leo jioni, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshaniambia mara nyingi kwamba anachokikosa zaidi ni kukanda chapati.

Mchangiaji wa saba (Bukoba)

Shikamoo dada mfamasia. Nimeusoma uzi wote usiku huu. Mama yangu ana miaka 47, vidole vya mikono yote miwili vimevimba tangu Februari, na asubuhi dada yangu ndiye anayemfunga kanga. Nitampeleka hospitali Jumanne. Je, inawezekana sisi watoto wake tuzuiwe tusiugue kabla haujaanza?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu, na umpe mama pole zangu.

Swali lako ndilo linalowashughulisha watafiti sasa hivi. Mwaka 2024 utafiti wa APIPPRA, uliofanyika Uingereza na Uholanzi, uliwachukua watu 213 waliokuwa na kingamwili za ugonjwa huu katika damu na maumivu ya viungo, lakini bila uvimbe. Waliochomwa abatasepti kwa mwaka mmoja waliugua kwa asilimia 6 katika mwaka huo, wakati waliochomwa sindano isiyo na dawa waliugua kwa asilimia 29. Hadi mwisho wa mwaka uliofuata, dawa ikiwa imesimamishwa, pengo lilikuwa limepungua: jumla ya waliougua ilikuwa asilimia 25 kwa 37. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa wamejaribu methotreksati ya mwaka mmoja kwa watu 236 wa namna hiyo, na walioishia kuugua walikuwa karibu sawa, asilimia 19 kwa 18, ingawa waliopewa dawa walibaki na maumivu madogo zaidi na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya kazi. Kwa hiyo kuna dalili njema, lakini bado si tiba ya kumpa mtu mzima asiye na dalili. Ninyi watoto msivute sigara, kwa sababu sigara inajulikana wazi kuwa huchangia kuuleta ugonjwa huu, na yeyote kati yenu atakayeamka na viungo vilivyokakamaa kwa wiki kadhaa asingoje.

Kwa mama, kabla ya Jumanne asichomwe sindano ya steroidi, maana itaufukuza uvimbe na daktari hatauona. Kama tayari yuko kwenye vidonge vya steroidi, asiviache ghafla. Avichukue tu aende navyo. Mpige picha mikono kwa simu asubuhi mara anapoamka, upande wa juu na wa kiganja, kwa sababu hadi kufika saa sita mchana uvimbe unaweza kuwa umepungua. Beba pakiti za kila dawa aliyomeza tangu Februari, hata za mitishamba. Mwulize daktari kuhusu kipimo cha rumatoidi fakta na cha anti-CCP, vinavyotafuta kingamwili za ugonjwa huu katika damu, na kama majibu yatakuwa hasi lakini vidole vimevimba, usikubali kuambiwa hana ugonjwa, kwa sababu wapo wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu. Jumanne jioni rudi hapa utuambie amehesabiwa viungo vingapi.